Nyumba yenye HOA au isiyo nayo: hesabu za mnunuzi wa Houston

Nyumba mbili za Houston zinaweza kuuzwa kwa bei moja, zikawa na vyumba sawa na ukubwa sawa, halafu moja ikamgharimu mwenyewe dola 300 zaidi kila mwezi. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha za tangazo. Imejificha kwenye mistari miwili midogo chini ya bei: kiwango cha kodi, na ada ya HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa. Familia zinazozungumza Kiswahili hapa Texas, za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, za wauguzi na madereva kutoka Kenya na Tanzania, mara nyingi huanza kutafuta nyumba zikijua mambo mawili tu: benki imekubali kukopesha kiasi gani, na shule ya watoto iko wapi. HOA hujitokeza mwishoni, siku ya kutia saini, katikati ya rundo la karatasi. Inafaa ijadiliwe siku ya kwanza, kabla mama hajapenda jiko na watoto hawajagawana vyumba.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwendelezaji akinunua shamba kubwa, tuseme nje ya Katy au Cypress, kabla hajauza kiwanja hata kimoja anasajili kwenye kaunti hati ya masharti ya mtaa. Hati hiyo inaifuata ardhi, haimfuati mtu. Anayenunua leo, atakayerithi kesho, atakayenunua miaka 40 baadaye, wote wamefungwa nayo, wawe wameisoma au hawajaisoma. Ndiyo inayounda chama, inayomfanya kila mwenye nyumba kuwa mwanachama wa lazima, na inayokipa chama mamlaka ya kukusanya ada. Sisi tumezoea vyama vya kuchangiana, upatu, vikoba, chama cha misiba. Ukichoka unaaga na kuondoka. HOA ni chama usichoweza kujitoa mpaka uuze nyumba, na usipochanga, nyumba yenyewe ndiyo dhamana.

Si jambo la watu wachache. Takwimu za Ofisi ya Sensa ya Marekani za mwaka 2024 zinaonyesha kaya zaidi ya milioni 21 zinazomiliki nyumba zao zinalipa ada ya HOA au ya kondominiamu. Nusu yao hulipa chini ya dola 135 kwa mwezi, lakini kaya kama milioni 3 hulipa zaidi ya dola 500. Kwa hiyo anayekuambia “HOA ni hela ndogo tu” na anayekuambia “HOA itakufilisi” wanaweza wote kuwa wanasema kweli, kila mmoja kuhusu mtaa wake.

Houston ina sababu yake ya pekee ya kujaa vyama hivi. Ni jiji kubwa lisilo na sheria ya kupanga matumizi ya ardhi kama ilivyo katika miji mingine ya Marekani. Wapiga kura waliikataa mwaka 1948, wakaikataa tena mwaka 1962, na mara ya tatu mwaka 1993. Matokeo yake, pasipo na hati ya masharti, jirani yako anaweza kuuza kiwanja chake kikageuka duka la matairi, na jiji halina sheria ya kupanga ardhi ya kumzuia. Kazi ambayo kwingine hufanywa na serikali ya mji, hapa imeachiwa hati za mitaa, na jiji la Houston lenyewe lina uwezo wa kwenda mahakamani kuzitetea. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu aikimbie HOA bila kufikiri. Nimeona nyumba nzuri ya familia inayopakana na gereji ya kuchomelea vyuma inayofanya kazi hadi usiku, na mwenye nyumba hana pa kupeleka malalamiko.

Sasa hesabu. Tuchukue nyumba tatu za mfano, kila moja ya aina inayopatikana kwa wingi. Nimezikadiria mwenyewe ili tulinganishe. Weka namba za nyumba unayoitaka wewe mahali pake. Mkopo ni wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5, na mnunuzi ametanguliza asilimia 10. Sijahesabu bima ya mkopo ambayo benki hudai mtu akitanguliza chini ya asilimia 20.

Ya kwanza ni nyumba ya zamani ndani ya jiji, haina HOA, bei dola 260,000. Mkopo wake ni dola 1,479 kwa mwezi. Kodi ya asilimia 2.1 inaleta dola 455. Bima, kwa kuwa paa ni kuukuu, tuweke dola 330. Jumla dola 2,264. Ya pili ni nyumba mpya kwenye mtaa wa nje wenye bwawa la kuogelea na uwanja wa watoto, bei dola 300,000. Mkopo dola 1,707, kodi ya asilimia 3 dola 750, bima dola 250, na HOA ya dola 900 kwa mwaka, yaani dola 75 kwa mwezi. Jumla dola 2,782. Ya tatu ni kondominiamu ya vyumba viwili kusini-magharibi mwa jiji, bei dola 130,000. Mkopo dola 740, kodi dola 228, bima ya ndani dola 70, na ada ya chama dola 450. Jumla dola 1,488.

Usiishie hapo. Nyumba ya kwanza haina chama cha kukusanya fedha za matengenezo, kwa hiyo lazima ujikusanyie mwenyewe. Udongo wa Houston ni wa mfinyanzi. Unavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na misingi ya nyumba hupasuka. Kiyoyozi kinafanya kazi karibu mwaka mzima, kisha kinakufa mwezi wa Agosti. Weka pembeni dola 300 kila mwezi. Kwa nyumba mpya weka dola 100, kwa kondominiamu dola 50 za mambo ya ndani. Sasa tuna dola 2,564 kwa ya kwanza, 2,882 kwa ya pili, na 1,538 kwa ya tatu.

Angalia vizuri nyumba ya pili. Watu hulalamikia HOA yake, na HOA ni dola 75 tu. Kinachoitofautisha zaidi na ile ya kwanza ni kodi, dola 295 zaidi kwa mwezi, na sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na kitu kinachoitwa MUD, wilaya ya maji na maji taka. Nje ya mipaka ya jiji, mwendelezaji hujenga mabomba, mitaro na mabwawa ya kuzuia mafuriko, kisha gharama zinalipwa kwa hati za deni ambazo wenye nyumba huzilipia kupitia kodi kwa miaka mingi. Mtaa ukiwa mchanga na nyumba zikiwa chache, kiwango huwa juu. Ukijaa, mara nyingi hushuka. Sheria ya Texas inamtaka muuzaji akupe taarifa ya maandishi kuhusu MUD kabla hujafungwa na mkataba. Dai karatasi hiyo mapema, usiisubiri.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi huangaliwa ilivyo tarehe 1 Januari. Kama siku hiyo nyumba yako mpya ilikuwa kiwanja kitupu, mwaka wa kwanza unatozwa kodi ya kiwanja. Benki inakadiria malipo yako kwa kodi hiyo ndogo, unafurahi, unanunua sofa. Mwaka wa pili inakuja kodi ya nyumba nzima, na benki inadai nyongeza pamoja na fidia ya upungufu wa mwaka uliopita. Malipo ya mwezi yanaweza kuruka kwa mamia ya dola. Muulize wakala wako kwa maneno haya haya: kodi ya nyumba hii itakuwa ngapi ikishatathminiwa ikiwa imekamilika? Na ukishahamia, jaza fomu ya nafuu ya makazi kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti; haina malipo. Tangu mwaka 2025 inaondoa dola 140,000 za thamani ya nyumba kwenye kodi ya shule, ingawa nafuu hiyo haigusi kodi ya MUD.

Nyumba ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ndiyo inayowavutia wenye kipato kidogo. Dola 1,538 zinakaribia kodi ya pango ya nyumba nyingi za vyumba viwili. Mtu analipa pango miaka mitano, anaona hizi namba, anasema basi na mimi niwe na changu. Ni hamu ya haki kabisa. Lakini dola 450 za ada, kwa riba ile ile, ni sawa na kukopa dola 71,000 zaidi. Na kuna tofauti moja kubwa: mkopo una mwisho na malipo yake hayabadiliki, ada haina mwisho na inapanda. Ikipanda asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka kumi itakuwa dola 806, kubwa kuliko mkopo wenyewe.

Mbona ipande? Kwa sababu kwenye kondominiamu chama kinamiliki vitu vizito: paa, kuta za nje, mabomba makuu, ngazi, maegesho. Majengo mengi ya aina hii Houston yalijengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na umri huo ndio wa mabomba kuoza na paa kufikia mwisho. Ongeza bima. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017, baridi kali ya Februari 2021 iliyopasua mabomba ya maelfu ya nyumba, kimbunga Beryl cha Julai 2024: kampuni za bima zimehesabu yote hayo, na bima kuu ya jengo hulipwa kutoka kwenye ada yako. Kila tukio likitokea kuna kiasi ambacho bima hailipi, na chama kikiwa hakina fedha hizo, zinagawanywa kwa wenye nyumba kama mchango maalumu.

Hapa ndipo pa kutulia na kusoma. Kondominiamu yetu ya mfano ina nyumba 100. Ada ya dola 450 mara 100 mara miezi 12 ni dola 540,000 kwa mwaka. Omba bajeti ya mwaka huu, utafute mstari wa akiba ya matengenezo makubwa. Fannie Mae, taasisi inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwenye benki nyingi za nchi hii, imekuwa ikitaka angalau asilimia 10 ya bajeti iende kwenye akiba. Kwa chama hiki ni dola 54,000 kwa mwaka. Ukikuta imeandikwa dola 5,000, au sifuri, umeshajua. Kisha angalia akiba iliyopo benki. Paa la majengo yote likigharimu dola 600,000 na akiba ni dola 40,000, kuna dola 560,000 za kutafutwa, yaani dola 5,600 kwa kila nyumba, na huenda zikadaiwa mwaka huo huo uliohamia. Sheria ya Texas haikilazimishi chama kuwa na akiba, kwa hiyo anayelinda mfuko wako ni wewe mwenyewe na ile karatasi ya bajeti.

Marekani nzima ilijifunza jambo hili kwa uchungu tarehe 24 Juni 2021, pale jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, lilipoporomoka usiku na kuua watu 98. Jengo lilikuwa limejengwa mwaka 1981. Wahandisi walikuwa wameshaonya kuhusu uharibifu wa zege, wenye nyumba walibishana kwa muda mrefu juu ya gharama, na mchango maalumu wa dola milioni 15 ulikuwa ndio kwanza umepitishwa. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria ya ukaguzi wa lazima na akiba ya lazima kwa majengo ya ghorofa tatu na zaidi. Nikiona chama kinachojisifu kwamba ada yake haijapanda kwa miaka minane, nawaza watu wa jengo lile, na ninaomba kumbukumbu za vikao.

Jambo moja zaidi kuhusu kondominiamu: bei ikiwa ya chini ajabu, uliza kama benki zinakopesha kwenye jengo hilo. Mkopo wa FHA, yaani ule unaodhaminiwa na serikali ya shirikisho, ambao familia nyingi za kipato cha kati hutumia, una masharti yake kuhusu jengo zima, na chama chenye akiba kidogo au wadaiwa wengi hukataliwa. Jengo ambalo leo haliuziki ila kwa fedha taslimu litakusumbua siku utakayotaka kuuza.

Turudi kwenye mtaa wa nyumba za kujitegemea. Fedha zake ni rahisi. Ugumu uko kwenye maisha. Kila wiki mbili hivi, mtu wa kampuni ya usimamizi hupita mitaani na gari akiendesha polepole, kompyuta ndogo mkononi. Akiona pipa la taka limeachwa mbele ya nyumba siku ambayo si ya taka, anapiga picha. Siku chache baadaye unapokea barua: picha ya pipa lako, tarehe, kifungu cha hati, na siku kumi za kurekebisha. Pipa ni jambo dogo, unaliondoa. Lakini mfumo huo huo unatumika kwa mambo yasiyo madogo, na yale yanayotugusa sisi ni haya.

Lori. Watu wetu wengi wanaendesha malori ya masafa marefu, na dereva anayemiliki kichwa cha trela anataka kukileta nyumbani siku zake za kupumzika. Karibu kila hati ya mtaa wa HOA inakataza, na nyingine zinakataza hata gari dogo la mizigo lenye maandishi ya kampuni ubavuni. Maegesho ya malori yanayolipiwa kwa mwezi ni gharama halisi. Iongeze kwenye zile dola 75 kabla ya kusema HOA ni rahisi. Dereva mwenye lori lake, ushauri wangu ni wazi: tafuta nyumba nje ya HOA, kwenye kiwanja kipana, na hata huko soma hati ya ardhi na kanuni za eneo. Mtaa wa zamani usio na chama unaweza bado kuwa na masharti yaliyosajiliwa.

Kulea watoto wa watu nyumbani. Akina mama wengi wameinua familia zao kwa kazi hii. Hati nyingi husema nyumba ni ya makazi tu, na biashara yoyote inayoleta magari ya wateja imekatazwa. Leseni ya jimbo haikuondolei sharti hilo. Ikiwa mkopo wa nyumba utalipwa kwa mapato ya watoto sita wanaoletwa asubuhi na kuchukuliwa jioni, pata jibu la maandishi kutoka kwa chama kabla ya kununua. Neno la wakala kwamba hakuna shida halitakusaidia mbele ya bodi.

Wageni na magari. Harusi ni siku moja, lakini matanga ni siku kadhaa, na magari ishirini barabarani kila usiku huleta barua. Ukizungumza na majirani mapema mara nyingi mambo hupita. Majirani wengi, wakijua una msiba, ni watu wema. Bustani: mchicha, sukuma wiki na matembele nyuma ya uzio kwa kawaida havina tatizo, mbele ya nyumba lazima uombe kibali, na kuku wamekatazwa karibu kila mahali. Kukodisha: anayepanga kununua sasa, kisha baada ya miaka mitatu ahamie nyumba kubwa na kupangisha hii, lazima ajue kama hati inaruhusu.

Kuna watu wanaouliza kwa sauti ya chini: je, wanaweza kuzitumia sheria hizi dhidi yetu kwa kuwa sisi ni sisi? Swali lina historia. Hati za kale za mitaa ya kitajiri ya Houston, River Oaks ikiwemo, ziliandika waziwazi kwamba mtu mweusi haruhusiwi kununua. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo, na sheria ya makazi ya mwaka 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wa rangi, dini na asili. Mwaka 1988 ikaongezwa kulinda familia zenye watoto na watu wenye ulemavu. Ukiona nyumba tano za mtaa zina kosa moja na barua inakuja kwako peke yako, piga picha zote tano, tunza tarehe, na upeleke malalamiko kwa wizara ya makazi, HUD. Kuna sheria za kukutetea hata kwa mambo ya kila siku: dishi la setilaiti lisilozidi upana wa mita moja kwenye sehemu yako mwenyewe linalindwa na kanuni ya shirikisho tangu mwaka 1996, na sheria ya Texas inazuia chama kukukataza kuvuna maji ya mvua kwa pipa, kikiwa na haki tu ya kupanga liwekwe wapi na lionekaneje.

Sasa upande ambao lazima usemwe bila kupakwa sukari. Texas inajulikana kwa kulinda nyumba ya mtu dhidi ya wadai. Deni la kadi ya benki au la hospitali halichukui nyumba unayoishi. HOA ni tofauti. Mwaka 1987, katika kesi iliyotoka mtaa wa Inwood North hapa hapa Houston, Mahakama Kuu ya Texas ilisema kwamba kwa kuwa hati ya masharti ilisajiliwa kabla mtu hajanunua, dai la chama linatangulia ulinzi wa makazi. Kwa hiyo chama kinaweza kuinadi nyumba kwa ajili ya ada. Mwaka 2001 mjane mzee wa kaunti ya Harris alinadiwa nyumba yake kwa deni la ada la kama dola 800. Mwaka 2008, huko Frisco karibu na Dallas, nyumba ya mwanajeshi aliyekuwa vitani Iraq, yenye thamani ya kama dola 300,000 na isiyo na mkopo wowote, iliuzwa mnadani kwa dola elfu tatu na kitu. Deni halikufika dola 1,000.

Visa hivyo vilibadilisha sheria. Leo chama cha mtaa lazima kwa kawaida kipate kibali cha mahakama kabla ya kunadi, hakiwezi kunadi kwa ajili ya faini peke yake, na nyumba ikishauzwa mwenyewe ana siku 180 za kuikomboa kwa kulipa deni na gharama. Chama kikubwa lazima pia kikupe nafasi ya kulipa deni kidogo kidogo kwa miezi isiyopungua mitatu. Lakini haki hizi zinamfaa mtu anayefungua barua. Minada ya Texas hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, na huwa kuna watu waliokuja na fedha mkononi.

Nyumba hupotea kwa njia ya kawaida kabisa. Benki hukusanya kodi na bima pamoja na malipo ya mkopo, kisha huzilipa yenyewe. Ada ya HOA kwa kawaida haimo. Ankara yake hutumwa mwishoni mwa mwaka, mara nyingi ikitakiwa kulipwa tarehe 1 Januari, katikati ya sikukuu na nauli za nyumbani. Mtu anadhani benki imelipa. Barua inaingia kwenye kikapu pamoja na matangazo ya pitsa. Kufikia katikati ya mwaka dola 900 zimeongezewa adhabu, riba na ada ya wakili, zimekuwa 2,000 na zaidi. Katika nyumba ambayo wazazi hawasomi Kiingereza vizuri, barua zote hupitia mikononi mwa mtoto wa darasa la nane. Tafadhali, mpe kazi hiyo mtu mzima mmoja anayesoma Kiingereza, hata kama ni jirani au mtu wa kanisani au msikitini, na mwambie aina moja tu ya bahasha ya kutafuta: ile yenye jina la kampuni ya usimamizi.

Kabla hujafika huko kuna siku chache ambazo ni zako. Mkataba wa kawaida wa Texas unakuruhusu kununua kipindi cha hiari, mara nyingi siku tano hadi kumi, ambapo unaweza kujitoa kwa sababu yoyote na kurudishiwa amana yako. Kiambatisho cha HOA kinaweza kukupa haki nyingine: ukipokea nyaraka za mtaa, una siku tatu za kusoma na kujitoa. Chama kinaruhusiwa kutoza hadi dola 375 kwa cheti cha taarifa za mauzo, na nani alipe ni jambo la kujadiliana. Usikubali mstari unaosema huhitaji nyaraka. Ndani yake utaona kama muuzaji anadaiwa, kama kuna kesi mahakamani, kama kuna makosa yasiyorekebishwa kwenye nyumba hiyo hiyo, kwa mfano uzio uliojengwa bila kibali ambao utaambiwa wewe uubomoe. Uliza pia kuhusu ada ya uhamisho na mchango wa mwanachama mpya. Vyote hulipwa siku ya kukabidhiana na vinaweza kufika mamia ya dola.

Kwa mtaa mpya uliza swali moja zaidi: bodi ni ya nani? Mara nyingi mwendelezaji anaishika mpaka nyumba nyingi ziuzwe. Sheria inataka theluthi ya bodi ichaguliwe na wenye nyumba siku 120 baada ya robo tatu ya viwanja kuuzwa, lakini kabla ya hapo yeye ndiye anayepanga ada, na ana kila sababu ya kuiweka chini ili auze. Akiondoka, wakazi wanarithi bwawa la kuogelea, taa, nyasi za barabarani, pengine na mkataba wa polisi wa kaunti wa kulinda mtaa, na ndipo ada halisi inajulikana.

Ningekuwa nashauri familia yangu mwenyewe, yenye watoto wadogo, ajira ya mshahara na magari mawili ya kawaida, ningewaambia mtaa wenye HOA ya dola 75 usiwatishe. Wapiganie kiwango cha kodi, watafute mtaa wa miaka kumi au kumi na tano ambao MUD yake imeshashuka na bodi iko mikononi mwa wakazi. Dereva wa lori na mama mlezi wa watoto, nyumba ya zamani bila chama, na mkaguzi mzuri wa msingi na paa. Kondominiamu ningeikubali tu baada ya kuona akiba kwa macho yangu, na bila akiba hiyo ningeendelea kupanga mwaka mmoja zaidi, hata kama inauma.

Waliokwishanunua wana kazi nyingine. Taarifa ya uchaguzi wa bodi lazima itumwe kati ya siku 60 na siku 10 kabla, na vikao vya bodi ni wazi kwa wanachama. Kwenye mtaa wa nyumba 400 uchaguzi huweza kuamuliwa na kura chache tu. Familia nane zinazozungumza Kiswahili zikienda pamoja, na mmoja wao akagombea, zinaweza kuwa na mtu mezani pale ambapo ada ya mwaka ujao inapangwa.